Mitokondria: Viumbe Vipi Vinazo, na Kwa Nini Baadhi ya Dawa Huzidhuru

Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayemeza linezolidi kwa miezi kadhaa huweza kuanza kuhisi ganzi, au moto unaowaka katika nyayo. Wengi hudhani ni uchovu. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo kimo ndani ya seli za mishipa ya fahamu, katika sehemu ndogo sana ziitwazo mitokondria.

Mitokondria huchukua oksijeni na mabaki ya chakula kilichokwisha kuvunjwavunjwa, kisha hutengeneza ATP, molekuli inayoipatia seli nguvu ya kufanya kazi. Seli za ini na za misuli ya moyo zimejaa mitokondria. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina hata moja: hubeba oksijeni bila kuitumia, na yenyewe huishi kwa kuvunja glukosi tu.

Wanyama, mimea, fangasi na protozoa walio wengi wanazo. Wapo wanafunzi wanaoamini kwamba mmea hauhitaji mitokondria kwa kuwa una kloroplasti. Hilo ni kosa. Mmea una zote mbili, na mizizi iliyo gizani haina njia nyingine ya kutumia oksijeni kupata nguvu. Kimelea cha malaria nacho kina mitokondria, na dawa ya atovakwoni hukishambulia papo hapo. Bakteria hawana. Virusi havina pia, kwani si seli.

Kuna vimelea ambavyo, kwa kuishi mahali penye uhaba wa oksijeni, vimezipoteza karibu kabisa. Giardia na amiba wa kuhara damu wamebakiwa na masalia yasiyotengeneza ATP. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba Monocercomonoides, kiumbe wa seli moja aliyetoka katika utumbo wa mnyama aina ya panya, hana hata masalia hayo. Kwa mganga, jambo hili lina faida: metronidazoli huamshwa na kemia ya viumbe waishio bila oksijeni, ndiyo maana huua Giardia na amiba huku seli za mgonjwa zikisalimika kwa kiasi kikubwa.

Kwa linezolidi mambo ni kinyume. Mwaka 1967 mwanabiolojia wa Marekani, Lynn Margulis, aliirejesha kwa nguvu hoja kwamba mitokondria zilikuwa bakteria waliomezwa na seli nyingine hapo kale, wakabaki humo. Hoja hiyo sasa imekubalika. Mitokondria za binadamu zina DNA yao wenyewe, ya mviringo kama ya bakteria, yenye jeni 37, nayo hurithiwa kwa mama. Zina pia ribosomu zao, zilizo na asili ya bakteria. Linezolidi huua bakteria kwa kuzuia ribosomu wasitengeneze protini, na haitofautishi vizuri kati ya adui na huyu mgeni wa kale aliyegeuka mwenyeji.

Matumizi yakirefuka, hudhurika kwanza sehemu zenye mahitaji makubwa: mishipa ya fahamu ya miguu, mshipa wa fahamu wa jicho, na uboho unaotengeneza damu. Hivyo mhudumu aulize kila hudhurio, asingoje kuambiwa: je, kuna ganzi? Maandishi yana ukungu? Rangi nyekundu imefifia? Apime uwezo wa kuona na wingi wa damu. Kichefuchefu kisichoisha pamoja na kuhema haraka huweza kuashiria asidi ya laktiki iliyozidi, na mgonjwa huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Mgonjwa naye asiache dawa kwa uamuzi wake, maana kifua kikuu hurudi kikiwa sugu zaidi. Atoe taarifa mapema. Daktari aweza kupunguza dozi au kuisimamisha linezolidi na kuendelea na dawa nyingine. Macho yaliyogunduliwa mapema mara nyingi hupata nafuu. Ganzi hupungua polepole, na kwa baadhi ya wagonjwa haiishi.