Njia ya Motokari Chini ya Mto

Mji wa New York, kule Marekani, uko kando ya mto mkubwa uitwao Hudson. Zamani motokari zilivuka mto huo kwa mashua kubwa. Zilipozidi kuwa nyingi, zilingoja kwa safu ndefu. Basi wakubwa wa ng'ambo zote mbili wakakata shauri kutoboa njia chini ya mto. Kazi ilianza mwaka 1920. Msimamizi wake alikuwa injenieri Clifford Holland.

Wachimbaji walifanya kazi ndani ya ngao kubwa ya chuma, yenye umbo la duara. Hewa ilisukumwa humo kwa nguvu, ili maji na matope yasiingie. Mchimbaji hakuweza kutoka upesi. Ilimpasa kungoja chumbani mpaka nguvu ya hewa ipungue polepole. Asipongoja, alishikwa na maumivu makali ya viungo, pengine akafa.

Lakini shauri gumu kupita yote lilikuwa moshi. Ndani ya moshi wa motokari mna hewa ya sumu. Haionekani, wala hainuki. Huingia katika damu. Mtu hulegea, huzimia, hufa. Hewa hiyohiyo hutoka katika mbabula ya makaa. Kwa hiyo, watoto, msilale kamwe na mbabula inayowaka nyumbani!

Wenye elimu waliipima sumu hiyo, wajue mtu aweza kuvumilia kiasi gani. Kisha injenieri Ole Singstad akapata njia. Hewa safi hupita chini ya barabara, na kupanda kwa matundu ya kando. Hewa chafu huvutwa juu, kwa matundu ya dari. Mashine 84, katika nyumba 4, hupuliza na kuvuta. Hewa yote hubadilishwa kwa dakika moja na nusu.

Holland hakuuona mwisho wa kazi. Alikufa tarehe 27 Oktoba 1924, mwenye miaka 41. Siku mbili baadaye, wachimbaji wa pande mbili walikutana chini ya mto. Njia ikapewa jina la Holland, ikafunguliwa tarehe 13 Novemba 1927. Hata leo motokari hupita humo, na watu hupumua salama.

MAULIZO
1. Kwa nini wachimbaji hawakutoka upesi?
2. Hewa safi hupita wapi? Na hewa chafu?
3. Kwa nini ni hatari kulala na mbabula nyumbani?