Nguruwe Pori na Ngiri: Somo la Viumbe kwa Wakaao Mkwajuni

Mhariri ameniomba nilete katika kurasa hizi somo moja la elimu ya viumbe litakalomfaa mwanafunzi darasani na mzazi shambani. Nimechagua nguruwe pori, na sababu yangu haitoki mbali. Kila mwaka, mahindi yanapoanza kubeba mpaka yanapokauka, wako wavulana wanaosinzia juu ya daftari kipindi cha kwanza. Nikiwauliza, jibu ni moja: "Tulikuwa lindoni, mwalimu." Basi yafaa tumjue vema huyo anayewanyima usingizi.

Kwanza tutenganishe wanyama wawili, maana watu wengi huwaita wote nguruwe. Ngiri ni mnyama wa mchana. Ngozi yake ina manyoya machache, uso una vinundu vikubwa, na meno yake ya nje yamepinda kwenda juu. Hula majani akiwa amepiga magoti ya mbele, na akikimbia husimamisha mkia wima kama mlingoti wa bendera. Usiku hulala shimoni, aghalabu shimo lililochimbwa na muhanga, naye huingia kinyumenyume ili uso na meno vielekee mlangoni. Kwa hiyo usichungulie shimo usilolijua.

Nguruwe pori ni mwingine kabisa. Ana manyoya marefu, mekundu au ya kahawia yenye kuelekea weusi, na shungi la rangi nyeupe-nyeupe mgongoni. Akikimbia mkia huning'inia chini. Mchana hujificha katika vichaka vizito na matete, na jua likitua ndipo aanzapo matembezi yake. Mkubwa huweza kupita kilo 100. Wataalamu humwita Potamochoerus, neno lililoundwa kwa Kiyunani, maana yake nguruwe wa mtoni. Na kweli hupenda mabonde yenye maji, huogelea vizuri, na hulala matopeni. Atazamaye bonde la mto Songwe, unavyoteremka kwenda Ziwa Rukwa, na vichaka vilivyo kando ya mashamba yetu, hatashangaa kwamba mnyama huyu ametupenda.

Hutembea kwa kundi, pengine wanane, pengine zaidi ya kumi, wakiongozwa na dume mmoja na majike wake. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi, huzaa watoto watatu au wanne, na wakati mwingine zaidi, ndani ya kitanda cha nyasi alichokikusanya mwenyewe. Watoto wana mistari myeupe ubavuni, ambayo hufutika wakikua. Ukiona vitoto vyenye mistari, jua kuwa wazazi hawako mbali, na dume pia huwatetea watoto wake.

Wanafunzi waliosoma habari za Marekani huniuliza kama hawa wetu ni nguruwe wa kufugwa waliotoroka. Sivyo. Huko Marekani Mhispania Hernando de Soto alishusha nguruwe katika pwani ya Florida mwaka 1539; baadhi walitoroka wakazaana porini, na baadaye wengine wakaongezwa, hata leo idara ya kilimo ya nchi hiyo hukadiria kuwa ni zaidi ya milioni 6. Australia nayo ilipata nguruwe wake wa kwanza kwa merikebu za Waingereza mwaka 1788. Wa kwetu ni wenyeji wa Afrika. Chui na simba waliwajua kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi hii, na mahali chui alipofukuzwa, mmoja wa wale waliokuwa wakiwapunguza amekwisha ondoka.

Mimi nimekutana nao ana kwa ana mara tatu, na mara ya tatu ndiyo yenye mafunzo. Nilikuwa na wanafunzi wawili, tumeteremka bondeni kukusanya majani ya somo letu, na saa kumi na mbili jioni tukawa njiani kurudi. Harufu ilitufikia kabla ya mnyama. Halafu dume alisimama katikati ya njia, kama hatua ishirini mbele yetu, nywele za mgongo zimesimama, anasagasaga meno na povu linamtoka. Mmoja wa vijana akaninong'oneza, "Mwalimu, tukimbie?" Nikamwambia asikimbie. Tulirudi nyuma polepole tukiwa tumemwelekea, tukajiweka nyuma ya kichuguu, tukamwachia njia. Majike wawili wakavuka na vitoto vyenye mistari, yeye akawafuata. Hakutaka vita; alitaka njia.

Mnyama huyu kwa kawaida humkimbia mtu. Hatari huja kwa sababu chache: amejeruhiwa, amezingirwa na mbwa, au mtu ameingia kati ya mama na watoto. Meno yake ya chini si marefu kama ya ngiri, lakini hunolewa na ya juu kila anapofunga kinywa, nayo hukata kama kisu. Kwa hiyo upitapo kwenye matete, zungumza kwa sauti. Usimfuate aliyejeruhiwa kichakani. Akikushambulia, panda mti au simama nyuma ya shina nene. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya pepopunda na kichaa cha mbwa. Kupaka majivu hakutoshi.

Sasa tuje shambani. Ekari moja ya mahindi yaliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 30 ina mashina yapatayo 18,000. Tuseme kundi la nguruwe wanane, kila mmoja akiangusha mashina 40 kwa usiku. Hayo ni mashina 320. Wakirudi usiku kumi, ni 3,200, zaidi ya sehemu moja katika sita ya shamba. Ukiyatazama mahindi yaliyoangushwa, utaona mengi hayakuliwa hata nusu. Katika karanga huwa wabaya zaidi, maana hufukua mbegu kabla haijaota. Hapo hapana tofauti kati ya mzazi anayekula nyama ya nguruwe na asiyeila. Mahindi ni yale yale.

Swali lililobaki ni nani alinde, nalo ni la zamani. Katika Uzaramo, kabla ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905, serikali ya Wajerumani ilibana uwindaji, na wanaume wengi wakavutwa kwenye kazi za nje na za pamba. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997, ameonyesha jinsi wanawake walivyoachiwa ulinzi wa mashamba, nguruwe wakazidi, njaa ikaingia. Nguruwe hawakubadilika, waliobadilika ni walinzi. Nasi leo, wakubwa wakienda machimboni kutafuta dhahabu, dungu huachiwa mtoto wa shule mwenye debe na tochi.

Rai yangu kwa wazazi ni hii. Mashamba yanayopakana yapandwe kwa wakati mmoja na kulindwa kwa zamu ya watu wazima. Mashamba matano yakiungana, kila nyumba hukesha usiku mmoja katika mitano. Kichaka cha mpakani kifyekwe, kwani nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Mitego ya waya na sumu tuviache: waya haumchagui nguruwe ukamwacha mbuzi au mtoto, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Wakizidi, taarifa ipelekwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kupitia serikali ya kijiji.

Wafugaji wa nguruwe wana neno la ziada. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza na Montgomery, aliyeichunguza Kenya, mwaka 1921. Ngiri na nguruwe pori huweza kubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi wakaao katika mashimo ya ngiri huvihifadhi. Nguruwe wa kufugwa akivipata hupata homa kali, masikio huwa mekundu, na aghalabu hufa katika siku chache. Dawa hakuna. Haimwambukizi mtu, lakini mwaka 2007 iliingia Georgia, na 2018 ikafika China. Mama aliyetegemea nguruwe wawili kununua sare na madaftari asiwaache wazurure, wala asiwape mabaki ya nyama ya porini. Akiona vifo vya ghafla, asiuze nyama. Amwite ofisa mifugo.

Wanafunzi wa kidato cha pili, kazi yenu ya muhula huu ni nyayo. Pimeni urefu na upana wake, andikeni tarehe na mahali, na mseme kama alama mbili ndogo za nyuma ya kwato zimeonekana au la. Leteni daftari Jumatatu ya kwanza baada ya likizo. Vipimo vichukuliwe mchana.