Pajani Si Ngome: Somo juu ya Kumsafirisha Mtoto Mdogo katika Teksi



Tumezowea katika masomo yetu kutaja haki za watu: haki ya mzazi, haki ya jirani, haki ya yatima. Na haki ya mtoto huitaja katika jina jema, chakula na elimu. Leo twataka kuitaja mahali ambapo wengi katika sisi hawaidhanii kuwapo, nako ni ndani ya teksi itokayo Endebess kwenda Kitale.

Safari hiyo ni ya kiasi cha kilomita 20, na kila mtu huifanya: aendaye sokoni, ampelekaye mgonjwa hospitali, aendaye kuzuru jamaa siku ya Idi. Wenye magari yao wenyewe ni wachache. Basi mama huingia katika teksi ya kuchangia pamoja na mtoto wake wa mwaka mmoja au miwili, hulipa nauli ya mtu mmoja, na mtoto humpakata. Hapana amwonaye kuwa amekosea, kwani hivyo ndivyo sote tulivyolelewa.

Lakini mambo yamebadilika. Njia hii, iendayo mbele hata mpakani Suam, imetengenezwa kwa lami katika miaka ya karibuni. Huko juu, ambako zamani tope na mashimo vilimlazimisha dereva kwenda polepole, leo gari hupita kwa kasi. Njia njema ni neema. Lakini neema hii imezidisha mwendo, na mwendo ukizidi, ada ya zamani yataka kupimwa upya.

Nini humpata mtoto gari linapogonga

Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, waliomo ndani nao wamo katika mwendo huo huo. Gari likigonga kitu likasimama ghafula, wao hawasimami pamoja nalo. Huendelea mbele mpaka kitu kiwazuie. Tukikadiria kuwa gari limesimama katika nafasi ya nusu mita, basi kila kilichomo huvutwa mbele kwa nguvu ya kiasi cha mara 20 ya uzani wake. Mtoto wa kilo 10 huwa mzito kama kitu cha kilo 200. Sisi watu wa Trans Nzoia twalijua gunia la mahindi la kilo 90. Basi na ajiulize mama: je, mikono yake yaweza kuzuia magunia mawili na zaidi, yakirushwa mbele kwa ghafula, kabla hata hajatambua kilichotokea?

Na liko jambo baya kuliko hilo. Ikiwa mama mwenyewe hakufunga mkanda, naye ana kilo 60, basi uzani wake wote, ambao kwa hesabu hiyo hiyo umekuwa zaidi ya tani moja, humwangukia mtoto na kumbana kwenye kiti kilicho mbele. Kifua alichokitumaini kumlinda mwanawe ndicho kimponzacho.

Hoja za watu na majibu yake

Hoja ya kwanza ni kusema: "Ajali ni kadari ya Mungu, mkanda hauizuii." Jawabu: Hapana Mwislamu akanaye kadari. Lakini mkulima wa Endebess haachi mbegu ghalani akangojea mavuno. Hulima, hupanda mwezi wa Machi au Aprili, hupalilia, kisha mvua humwachia Mwenyezi Mungu. Hapana amwambiaye kwamba jembe lake limeipinga kadari. Na sote twajua mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya ngamia: hufungwa kwanza, kisha ndipo mwenyewe hutawakali. Ikiwa ngamia ana haki ya kufungwa, mtoto ana haki zaidi.

Hoja ya pili: "Nitamshika kwa nguvu." Hesabu tuliyoitaja yatosha kuijibu. Lakini si sisi peke yetu tuliodanganyika kwa hoja hii. Jimbo la Tennessee, huko Marekani, lilikuwa la kwanza katika nchi hiyo kuweka sheria ya viti vya watoto ndani ya magari, nayo ilianza kutumika mwaka 1978. Watunga sheria wakaingiza ndani yake ruhusa, kwamba mtoto aweza kupakatwa na mtu mzima badala ya kukalishwa katika kiti chake. Daktari wa watoto Robert Sanders, aliyeipigania sheria hiyo, akaipinga ruhusa ile kwa kuwa yaua watoto. Na mwaka 1981 ikafutwa. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Hoja ya tatu: "Sheria yenyewe huwaachilia watu katika teksi." Kweli, Waingereza, kwa mfano, huruhusu mtoto wa chini ya miaka 3 kupanda teksi isiyo na kiti cha mtoto bila ya kufungwa, kwa sharti akae nyuma, na aliyetimiza miaka 3 hufungwa mkanda wa watu wazima. Lakini ruhusa hiyo imewekwa kwa dharura ya abiria, si kwa kuwa hatari imeondoka. Sheria yaweza kusamehe, mgongano hausamehi. Na hapa Kenya, kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na kutiwa nguvuni Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, ziliwajibisha mikanda katika magari yote ya abiria na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Basi kudai mkanda si ubishi wala maringo. Ni kudai kilicho haki yako.

Hoja ya nne, nayo ndiyo iliyo kubwa ingawa haisemwi: nauli. Mtoto anayepakatwa halipiwi. Akiketi mahali pake hulipiwa. Hatuwalaumu maskini. Lakini ni wangapi katika sisi wanaonunua nguo mpya ya Idi kwa fedha nyingi, kisha siku hiyo hiyo wakaona uzito kumlipia mtoto nafasi ya kuketi? Mwenye dhiki ana udhuru wake. Mwenye uwezo hana.

Yampasayo msafiri asiye na kiti cha mtoto

1. Kwanza ajiulize kama safari ni ya lazima. Ikiwa si ya lazima, na mtoto aweza kubaki na bibi yake, basi na abaki. Ikiwa ni ya lazima, na iwe mchana, khasa siku za mvua na ukungu wa Mlima Elgon.

2. Achague gari na dereva. Gari lililobandika watu wanne katika kiti cha watatu halina mkanda wa kumtosha kila mmoja. Masharti yatajwe kabla ya kupanda: mwendo wa kiasi, na mtoto ana mahali pake. Aliyekwisha kuondoka kituoni hana tena nguvu ya kushindana.

3. Mtoto akae kiti cha nyuma, si mbele kabisa. Mbele yuko karibu na kioo, na magari mengi yana mfuko wa hewa ambao hufumuka kwa nguvu inayoweza kumwua mtoto mdogo.

4. Mtoto awezaye kuketi imara peke yake afungwe mkanda wake mwenyewe. Kamba ya chini ipite juu ya mapaja na nyonga, isipite tumboni. Kamba ya juu ipite begani; ikimgusa shingo, asogezwe upande wa kifungio cha mkanda. Isipitishwe chini ya kwapa. Mkanda wa watu wazima haumfai mtoto kama kiti chake, lakini ni bora kuliko paja.

5. Mkanda mmoja usifungwe kuwazunguka mama na mtoto pamoja, kwa sababu mwili wa mama utamponda. Wala asifungwe kwa leso mgongoni au kifuani ndani ya gari.

6. Mama na afunge mkanda wake mwenyewe kabla ya lolote. Ikiwa amelazimika kabisa kumpakata mtoto, basi mtoto awe nje ya mkanda ule, na dereva aende polepole. Huku ni kupunguza madhara tu, wala asidhani kuwa amemlinda.

7. Madumu, majembe na mizigo mingine isiwekwe nyuma ya kichwa cha mtoto bila ya kufungwa. Mlango wa upande wake utiwe kitasa kisichofunguka kwa ndani. Na wakati wa kushuka, mtoto ateremshwe upande wa kushoto, mbali na magari yapitayo.

Ama mtoto mchanga ambaye hajaweza kuketi, mkanda wa watu wazima haumfai kabisa. Dawa yake ni moja tu: kiti chake.

Kiti cha wakfu

Na kiti hicho kina faida gani? Idara ya usalama wa barabara ya Marekani imekadiria kwamba kiti kilichofungwa sawasawa ndani ya gari dogo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 71 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, na kwa asilimia 54 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4. Dawa yenye faida kama hiyo ingaliuzwa dukani, tungalipanga safu kuinunua.

Mtu atasema: kiti ni ghali, nami nasafiri mara moja kwa mwezi. Hili ni kweli, na ndiyo sababu ya shauri letu. Darsa yetu ina jeneza na mikeka ya misiba, navyo ni vya wote. Kwa nini tusiwe na viti viwili vya watoto, vikaazimwa kwa mwenye safari na kurudishwa? Tumewaandalia wafu, tuwaandalie na walio hai. Kiti cha mitumba chafaa, maadamu hakikupata ajali, hakina ufa, mikanda yake haikukatika, na muda ulioandikwa juu yake haukupita. Na atakayekiazima afundishwe kwanza namna ya kukifunga. Mtoto wa chini ya miaka miwili kielekezwe nyuma, ikiwa kiti hicho kimetengenezwa hivyo.

Mtoto hachagui gari, wala hamjui dereva, wala hana ulimi wa kusema "punguza mwendo". Amana haidai yenyewe. Hudaiwa na aliyeiweka. Basi kila mmoja wetu na aulize, kabla ya mlango wa teksi kufungwa: mtoto huyu ameketi wapi?

Wabillahi taufiki.