Herufi "s" katika anwani ya tovuti ina kazi gani?

Wengi wetu huingia kwenye intaneti kupitia Wi-Fi ya bweni, ya ofisi ya parokia au ya hotelini. Katika somo hili tutazame herufi moja tu: "s" ya mwisho katika https.

Anwani ya http hupeleka maneno yetu yakiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Aliye njiani aweza kusoma nywila yetu, hata kubadili ukurasa kabla haujatufikia. Mwaka 2010 programu iitwayo Firesheep ilionyesha jinsi ilivyokuwa rahisi kuteka akaunti za watu waliotumia Wi-Fi moja ya wazi.

Https hufunga ujumbe kwa ufunguo ambao kivinjari chetu na tovuti hupatana mwanzoni. Tovuti nayo huonyesha cheti kinachothibitisha kuwa jina lile ni lake. Tangu Desemba 2015 huduma ya Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure kwa umma, hivyo hata tovuti ndogo inaweza kuwa nacho.

Lakini tuelewe mipaka yake. Mwenye mtandao kwa kawaida bado huona jina la tovuti tuliyofungua, ingawa hasomi yaliyomo. Tapeli naye hupata cheti. Njia kuwa salama si uthibitisho kwamba anayetungoja mwisho wake ni mwaminifu.

Basi tushike mambo matatu: tusome jina la tovuti herufi kwa herufi, tusiandike nywila wala namba ya siri penye onyo la "si salama", na kivinjari kikitilia shaka cheti, tusilazimishe kuendelea.