SOMO LA SHERIA: DHAMANA KATIKA KESI ZA DAWA ZA KULEVYA

Huulizwa mara kwa mara na wananchi ni kwa nini mtu aliyekamatwa na dawa za kulevya huonekana tena mtaani baada ya siku chache. Wako wanaodhani kuwa kesi imekwisha. Dhana hiyo hutokana na kutofahamu dhamana ni kitu gani. Dhamana si msamaha wala si hukumu. Ni ahadi yenye masharti kwamba mshitakiwa atarejea mahakamani kila atakapotakiwa.

Mfano unaofaa kuzingatiwa ni wa kisiwa jirani cha Mauritius, ambako jambo hili lilifikishwa hadi katika Katiba. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo, kwa kura za robo tatu ya wajumbe, liliongeza katika kifungu cha 5 cha Katiba kijifungu cha (3A). Kwa makosa ya dawa za kulevya yaliyotajwa na sheria, mshitakiwa aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo, au aliyekamatwa tena akiwa nje kwa dhamana, hakuweza kupewa dhamana mpaka kesi yake imalizike. Sheria ya Dawa za Hatari ya mwaka 2000, katika kifungu cha 32, ilirudia katazo hilo. Hakimu hakuachiwa la kupima.

Mahakama Kuu ya Mauritius ililiona katazo hilo kuwa ni batili, na Serikali ikakata rufaa katika Baraza la Faragha lililopo London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya nchi hiyo. Mwezi Machi, 2006 rufaa ilitupwa. Hoja haikuwa kwamba dawa za kulevya ni jambo dogo. Kifungu cha 1 cha Katiba kinaitaja Mauritius kuwa ni dola ya kidemokrasia, na katika dola ya namna hiyo uamuzi wa kumweka mtu mahabusu kabla ya hukumu ni kazi ya mahakama. Bunge laweza kuweka miongozo. Haliwezi kumnyang'anya jaji madaraka hayo moja kwa moja. Kifungu cha 1 chenyewe hakibadilishwi ila kwa kura ya maoni yenye kuungwa mkono na robo tatu ya wapiga kura, pamoja na kura za wajumbe wote wa Bunge. Masharti hayo hayakutimizwa mwaka 1994.

Mwezi Desemba, 2005 Baraza hilo lilikuwa limekwisha kueleza katika shauri jingine kwamba uzito wa kosa ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa adhabu kubwa humshawishi mtu kutoroka, lakini peke yake hautoshi kuwa sababu ya kunyima dhamana. Hapa ndipo kiasi cha dawa kinapopata maana. Aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe na aliyekutwa na shehena ya kuuza hawakabiliwi na adhabu moja, basi kishawishi chao cha kukimbia si kimoja.

Inafaa ifahamike kwamba si mahakama zote za ukanda huu zilizofuata njia hiyo. Tanzania Bara, mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliobatilisha kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa baadhi ya makosa. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayefuatilia kesi ya ndugu yake hana budi kuuliza kwanza ni sheria ipi inayotumika.

Kwa Mauritius, maombi husikilizwa chini ya Sheria ya Dhamana ya mwaka 1999. Upande wa mashtaka wapaswa kuonyesha hatari iliyopo: kutoroka, kutenda kosa jingine, au kuwaingilia mashahidi. Rekodi ya makosa ya zamani bado huwekwa mezani, na mara nyingi hutosha kumrejesha mwombaji mahabusu. Ila sasa hurejeshwa baada ya kusikilizwa.