Sahani na Misuli: Somo la Afya kwa Wakazi wa Bahi
Msimu wa mpunga mkulima hutumia nguvu nyingi. Kiangazi kazi hupungua, lakini kipimo cha ugali hubaki kilekile. Wanga unaozidi mahitaji ya mwili huhifadhiwa kama mafuta.

Kwa hiyo sahani igawanywe: nusu mboga, mlenda ukiwamo; robo maharage, samaki au kuku; robo ugali wa uwele au wali. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Kuchuchumaa na kuinuka hutosha kuanzia. Wanga usiachwe kabisa, kwani misuli huutumia.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa asipunguze wanga kabla ya kupata ushauri wa zahanati: sukari yaweza kushuka ghafla na kuhatarisha maisha.