Udzungwa: Milima Isiyopandwa na Gari

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara ya watalii. Gari lako, hata liwe na nguvu kiasi gani, litaishia makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, na kuanzia hapo ni miguu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote: utakwenda mwezi gani, utalala wapi, utabeba nini. Wageni niliowaona wakishuka mlimani hoi, magoti yanatetemeka, mara nyingi ni wale waliopanga safari hii kama wanavyopanga Mikumi, kwamba utaingia asubuhi, utaona, utatoka jioni. Udzungwa panga kulala walau mara mbili: siku ya kufika, siku nzima ya mlima, kisha siku ya kurudi.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Mabasi ya Ifakara hupita Morogoro, hukatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi (kaa dirishani, twiga na pundamilia huonekana kutoka barabarani), halafu Mikumi mjini huiacha barabara kuu ya Iringa na kushika kushoto. Kutoka hapo hadi Mang'ula ni kama kilomita 60. Ukishavuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, miwa inatanda bondeni, na upande wa kulia milima inasimama kama ukuta, kijani kuanzia chini hadi kwenye mawingu. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mang'ula, hifadhini, maana wengi hupitilizwa. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, na kwa mpenda treni ni njia nzuri ya kuingia bonde la Kilombero, lakini ulizia ratiba kabla ya kufunga mzigo, na usiitegemee kama una tarehe ya kurudi kazini.

Miezi mikavu ni Juni hadi Oktoba. Mimi nakushauri Juni au Julai: masika yamekwisha, njia zimekauka, lakini maji yangali yanamwagika kwa nguvu. Machi hadi Mei usiende kama si lazima. Udongo wa huko ukilowa unateleza kama sabuni, na vijito unavyoviruka kiangazi vinageuka mito ya kuvusha watu kwa kushikana mikono.

Getini njoo na kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha raia ni nafuu mno kuliko cha mgeni kutoka nje. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo unayopewa, kwa hiyo hakikisha simu ina salio. Fedha taslimu utazihitaji kijijini, kwa chumba, chakula na bodaboda. Mwongozaji ni lazima, na kwa safari ndefu unaongezewa askari mwenye silaha. Usilione hilo kama gharama ya bure. Tembo na nyati wamo msituni, na kwenye kichaka kizito unaweza kuwa hatua kumi kutoka kwa nyati bila kumwona. Mwongozaji anamnusa kabla yako.

Wengi hufuata maporomoko ya Sanje, na wana haki. Maji yanashuka mita 170 kwa mikupuo mitatu. Njia yake haianzii makao makuu. Unajiandikisha Mang'ula, kisha unarudi na mwongozaji kama kilomita 10 hadi kijiji cha Sanje, ndipo mnaanza kupanda. Tenga nusu siku, na anza mapema kabla jua halijawa kali. Kupanda kwenyewe ni kukali: mizizi ndiyo ngazi, na mkono unatafuta mti wa kushika kila baada ya hatua chache. Utayasikia maji muda mrefu kabla ya kuyaona. Kisha hewa inabadilika, inakuwa baridi, na majani pembeni ya njia yanadondosha matone ingawa mvua haijanyesha. Ukifika kwenye kidimbwi umelowa tayari, nusu jasho, nusu mvuke wa maji. Geuka nyuma: bonde zima la Kilombero liko chini yako, mashamba ya miwa yamekatwa miraba kama mkeka.

Kuogelea kunawezekana pale mwongozaji atakapokuonyesha, si penginepo. Mawe yana utelezi wa kijani usioonekana, na kwenye ukingo wa juu mkondo unavuta kuliko unavyodhani. Sabuni iache chumbani. Maji hayo hayo yanakwenda kunywewa vijijini.

Kama una watoto au magoti mabovu, maporomoko ya Prince Bernhard yako karibu na makao makuu, matembezi mafupi tu. Kama una nguvu na siku tatu, omba kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,000, kwa kulala kambini msituni.

Lakini usikimbilie maji ukaupita msitu. Hapa ni miongoni mwa mahali pachache Afrika Mashariki ambapo msitu unapanda bila kukatika kutoka bondeni, kwenye mita 250 hivi, hadi juu kabisa. Ndiyo maana kuna viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa utamwona hata karibu na geti, na kofia yake ya rangi ya kutu. Ng'olaga wa Sanje, aina nyingine ya kima, ni mgumu zaidi kumwona. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, lakini wenyeji walikuwa na jina lake siku zote, na ndilo jina alilobaki nalo. Liko kundi lililozoeshwa watu na watafiti. Uliza kama siku hiyo mnaweza kulifuata. Mimi nilikaa juu ya gogo karibu saa nzima nikimtazama mmoja akifukua majani makavu, anainua jani, anatazama chini yake, analiweka pembeni, anainua jingine, kwa utulivu wa mama anayechambua mchele.

Vaa viatu vyenye meno. Suruali iwe ndefu na uichomeke ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na upupu. Beba koti la mvua hata kiangazi, maji ya kunywa lita mbili, na mfuko usiopitisha maji wa kufungia simu. Kilombero ina malaria, kwa hiyo dawa ya mbu na chandarua si vya kusahau.

Lala Mang'ula, kula Mang'ula. Nyumba za wageni zipo, na kambi zipo ndani ya hifadhi kwa wenye mahema. Kwa mama ntilie utapata wali wa Kilombero, ule unaonukia kabla sahani haijatua, na perege wa mtoni. Wapagazi wachukue wa vijiji vya hapo hapo. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wanakijiji waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Tangu 2011 ruhusa hiyo imefutwa. Mama anayekupikia amefungiwa msitu unaoupanda wewe kwa raha. Sahani yake ya wali na ujira wa mpagazi ndiyo sehemu ya mlima inayowarudia, kwa hiyo usije na chakula chote kwenye boksi kutoka Dar. Na ukiwa kambini usivunje hata kijiti kuwashia moto. Panda na jiko dogo la gesi.

Siku ya kurudi amka alfajiri. Mabasi yanayotoka Ifakara hupita Mang'ula mapema, na nguo zako za Sanje zitakuwa bado mbichi kwenye kamba. Zifunge peke yake.